Sheria Mkononi mwa Mchungaji: Uchambuzi wa Kisa cha Askofu Mkuu John Sentamu

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki si jambo geni tena kumkuta mchungaji ambaye, kabla ya kupanda madhabahuni, alisimama mahakamani akiwa wakili. Waumini humthamini mchungaji wa namna hiyo, kwa kuwa wanajua kwamba siku utakapozuka mgogoro wa kiwanja cha kanisa, au siku mjane atakapofukuzwa katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, wana mtu wa kuwasomea hati na kuwaeleza haki yao ilipo. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: mtu anapouacha uwakili na kuushika uchungaji, sheria aliyoisomea inamfanya awe mchungaji wa namna gani, na inamwacha na upungufu gani? Kisa ninachokichambua ni cha John Tucker Mugabi Sentamu, Mganda aliyekuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Uganda na baadaye Askofu Mkuu wa York, cheo cha pili kwa ukubwa katika Kanisa la Anglikana la Uingereza. Nimekichagua kwa sababu karibu kila sehemu yake ilitendeka hadharani, na kwa sababu kina mwanga mwingi na kivuli kimoja kizito ambacho hakistahili kurukwa.

Wakili hufunzwa kuuliza maswali mawili kabla ya mengine yote. La kwanza ni nini hasa kilichotokea, na nani anaweza kukithibitisha. La pili ni nani mwenye mamlaka juu ya shauri hili. Naamini swali la kwanza ndilo lililoufanya uchungaji wa Sentamu kuwa msaada mkubwa kwa watu ambao hakuna aliyetaka kuwasikiliza, na swali la pili, ambalo mahakamani ni halali na la lazima, ndilo lililokuja kumkwaza mwishoni mwa huduma yake.

Sentamu alizaliwa tarehe 10 Juni 1949 karibu na Kampala, akiwa mtoto wa sita kati ya watoto kumi na watatu. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere na kuhitimu mwaka 1971, mwaka uleule ambao Idi Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya tarehe 25 Januari. Kwa hiyo kijana huyu aliingia katika kazi ya sheria wakati sheria yenyewe ikianza kuvuliwa nguo mbele ya macho yake. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na watu wa serikali ndani ya jengo la Mahakama Kuu jijini Kampala na hakuonekana tena akiwa hai. Ikiwa Jaji Mkuu angeweza kutolewa ofisini kwake mchana kweupe, kila wakili na kila hakimu wa chini yake alielewa ujumbe huo bila kuandikiwa barua. Wahenga walishasema kuwa kesi ya nyani hakimu akiwa ngedere haki haipatikani, na katika Uganda ya miaka ile msemo huo ulikuwa maelezo ya hali halisi.

Mwaka 1973 Sentamu alimwoa Margaret, na wiki tatu hivi baada ya harusi aliwekwa kizuizini kwa siku 90. Kukamatwa kwake kumehusishwa na msimamo wake wa kukataa kupindisha haki kwa faida ya ndugu wa Amin. Mwenyewe amesimulia hadharani jinsi alivyopigwa vibaya na kurushwa kwa mateke mithili ya mpira. Mwaka 1974 alipata nafasi ya kuondoka na kwenda Uingereza, ambako alijiunga na Chuo cha Selwyn katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma theolojia. Hapo tusiharakishe kusema kwamba alikuwa ameshauacha uwakili, kwa maana mtu anaweza kusoma theolojia na bado akawa na nia ya kurudi mahakamani siku nchi yake itakapotulia.

Kilichokata shauri kilitokea Februari 1977. Maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji, upekuzi na matumizi mabaya ya nguvu yaliyokuwa yakitendwa na vyombo vyake. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, na serikali ikatangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Kwa mtu aliyefunzwa kupima ushahidi, tangazo lile lilikuwa tusi juu ya msiba. Sentamu alimfahamu Luwum kama rafiki, na ameeleza mara nyingi kwamba kifo hicho ndicho kilichomfanya aamue kuwa, kama wamemuua rafiki yake, yeye atachukua nafasi yake. Alipewa daraja la kikasisi mwaka 1979, mwaka ambao majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala na kumwondoa Amin. Njia ya kurudi nyumbani na kuendelea na sheria ilifunguka katika mwaka uleule aliowekewa mikono, na hakuifuata.

Inafaa kuutazama uamuzi huo kwa makini, kwa sababu wengi huueleza kana kwamba alikimbia sheria iliyoshindwa na kukimbilia imani isiyoshindwa. Mimi siuoni hivyo. Luwum hakuuawa kwa sababu ya mahubiri juu ya mbinguni. Aliuawa kwa sababu yeye na maaskofu wenzake waliweka kwenye karatasi, kwa lugha ya heshima na kwa sahihi zao, mambo ambayo mahakama zilikuwa zimenyimwa nafasi ya kuyasikiliza. Barua ile ilikuwa hati ya mashtaka iliyokosa mahakama ya kuifungua. Aliyechukua nafasi ya mtu wa namna hiyo hakuwa akiiacha kazi ya wakili. Alikuwa akiifuata mahali pekee ilipokuwa bado inafanyika.

Miaka yake ya kwanza ya huduma aliitumia London, ikiwa ni pamoja na kuwa kasisi wa mahabusu ya vijana, na kuanzia mwaka 1983 hadi 1996 alikuwa mchungaji wa parokia ya Utatu Mtakatifu huko Tulse Hill, kusini mwa jiji. Eneo hilo liko jirani na Brixton, ambako miaka miwili kabla ya yeye kufika vijana, wengi wao wenye asili ya Karibiani, walipambana na polisi mitaani kwa siku kadhaa, wakiwa wamechoshwa na kusimamishwa na kupekuliwa bila sababu. Mchungaji katika mtaa wa namna ile hukutana na sheria kila siku: mtoto wa muumini amekamatwa usiku, mama hajui kituo gani cha polisi, barua ya mwenye nyumba imefika na lugha yake haieleweki. Mwaka 1996 Sentamu aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Stepney, mashariki mwa London, na hapo ndipo taaluma yake ya zamani ilipoitwa tena kwa jina.

Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, alichomwa kisu na kufa tarehe 22 Aprili 1993 akiwa anasubiri basi huko Eltham, London. Wazazi wake, waliotoka Jamaika, walijitahidi kwa miaka minne kuishawishi serikali kwamba upelelezi ulikuwa umeharibika. Mwaka 1997 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Sir William Macpherson, akisaidiwa na washauri watatu, na Sentamu alikuwa mmoja wao. Ripoti ilitolewa Februari 1999 ikiwa na mapendekezo 70, na ndani yake polisi wa London walielezwa kuwa na ubaguzi wa kitaasisi, yaani ubaguzi unaofanya kazi kupitia taratibu, mazoea na dhana za taasisi nzima hata pale ambapo hakuna afisa mmoja anayekiri chuki moyoni mwake.

Naliona jambo hilo kuwa kiini cha upande wa mwanga wa kisa hiki. Mchungaji asiye na sheria angeweza kuwafariji wazazi wale, kuwaombea na kuhubiri dhidi ya chuki. Yote hayo ni mema. Lakini wazazi wale hawakuwa wamekosa faraja tu. Walikuwa wamekosa kumbukumbu sahihi ya kilichotokea usiku ule na siku zilizofuata: nani aliitwa, nani alifika, nani alipuuza majina ya watuhumiwa yaliyotolewa mapema. Kuketi miezi mingi kusikiliza mashahidi, kulinganisha maneno yao na nyaraka, na kukataa jibu la haraka ni kazi ya sheria, na katika chumba kile ilikuwa pia kazi ya kichungaji, kwa kuwa mtu aliyefiwa hawezi kuanza kupumua iwapo taifa bado linabishana naye kama mwanawe alitendewa haki au la.

Moja ya mapendekezo yale liligusa kanuni ya kale ya sheria ya Uingereza kwamba mtu aliyeachiwa huru hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Tume ilipendekeza kanuni hiyo ifikiriwe upya pale ambapo umepatikana ushahidi mpya na wa nguvu. Bunge liliibadilisha kwa sheria ya mwaka 2003, na Januari 2012 wanaume wawili walitiwa hatiani kwa mauaji ya Stephen, mmoja wao akiwa alikwisha kuachiwa huru mwaka 1996. Miaka karibu kumi na tisa ilikuwa imepita tangu kijana yule aanguke barabarani.

Baadaye Sentamu aliongoza jopo la kupitia upelelezi na mashtaka yaliyohusu kifo cha Damilola Taylor, mtoto wa miaka 10 mzaliwa wa Nigeria aliyekufa Peckham Novemba 2000. Kesi ya kwanza ilishindwa mahakamani mwaka 2002, na ilikuwa mwaka 2006 ndipo ndugu wawili walipotiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, baada ya ushahidi wa kimaabara kuchunguzwa upya. Kati ya mashauri hayo mawili kuna tukio dogo ambalo sipendi lipite bila kutajwa. Mwaka 2000, chini ya mwaka mmoja baada ya ripoti ya Macpherson, Sentamu mwenyewe alisimamishwa na polisi akiwa anaendesha gari London. Askofu aliyesaidia kuandika juu ya tatizo lile alikuwa bado anaishi ndani yake.

Mwaka 2002 alihamishiwa Birmingham, na tarehe 30 Novemba 2005 alitawazwa katika Kanisa Kuu la York kuwa Askofu Mkuu wa 97, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Wengi humkumbuka kwa vitendo vyake vya hadhara, na baadhi waliviita maonyesho. Agosti 2006 alipiga hema ndani ya kanisa kuu, akafunga na kuomba kwa wiki nzima kwa ajili ya amani ya Mashariki ya Kati. Desemba 2007, katika mahojiano ya moja kwa moja ya televisheni, alivua kola yake ya kikasisi akaikata vipande kwa mkasi, akisema kwamba ndivyo Robert Mugabe alivyowafanyia watu wa Zimbabwe utambulisho wao, na kwamba hataivaa tena hadi Mugabe atoke. Hakuivaa kwa miaka kumi. Mugabe alijiuzulu Novemba 2017, na siku chache baadaye Sentamu alirudi kwa mtangazaji yuleyule akavaa kola mpya.

Mtu aliyezoea mahakama atatambua kilichofanyika pale. Wakili anajua kwamba maneno hufifia lakini kielelezo kilichowekwa mezani hubaki katika macho ya wasikilizaji. Kola iliyokatwa ilikuwa kielelezo, na kukosekana kwake shingoni mwa Askofu Mkuu, katika kila ibada na kila picha kwa muongo mzima, kulikuwa ukumbusho kwamba shauri halijafungwa. Sidhani hilo ni onyesho tupu.

Sauti yake ya kisheria ilisikika wazi zaidi alipozungumzia kizuizi bila mashtaka. Mwaka 2006 alipinga gereza la Marekani la Guantanamo, akalilinganisha na aliyoyaona kwao: Amin, alisema, hakuwapeleka aliowashuku katika magereza ya kawaida kwa kuwa alijua kwamba huko sheria ingewahusu, hivyo akatengeneza mahali maalumu pa kuwaweka. Hakuna kitabu cha theolojia kinachomfunza mtu kuona jambo hilo kwa wepesi ule. Linaonwa na mtu aliyejua magereza kwa kanuni zake na kwa kuta zake.

Sasa nafika kwenye kivuli. Mwaka 2013 mwanamume mmoja aliyekuwa ameingia katika ukasisi alimwandikia askofu wa dayosisi yake akieleza kwamba alipokuwa kijana wa miaka 16, katika miaka ya 1980, alibakwa na kasisi ambaye alikuwa amepewa kumlea. Nakala ya barua ilipelekwa kwa Askofu Mkuu wa York. Sentamu alijibu kwa kifupi kwamba ameisoma, na kwamba anamwombea katika kipindi hicho cha majaribu. Hakuchukua hatua nyingine. Kasisi aliyetuhumiwa alishtakiwa mwaka 2017 na akajiua kabla ya kufika mahakamani, kwa hiyo mlalamikaji hakupata kamwe siku ya kusikilizwa. Lalamiko lake la kinidhamu dhidi ya maaskofu aliowaeleza lilikwama pia, kwa kuwa kanuni za kanisa ziliweka kikomo cha mwaka mmoja.

Mei 2023 ilitolewa ripoti ya uchunguzi huru juu ya shauri hilo. Ilieleza kwamba mtu yeyote katika kanisa, awe na cheo gani, ana wajibu wa kuhakikisha hatua zinachukuliwa anapopokea taarifa ya namna hiyo, na kwamba Askofu Mkuu hakutimiza wajibu huo. Sentamu, ambaye alikuwa amestaafu tangu 2020, hakukubaliana na hitimisho hilo. Utetezi wake ulikuwa wa kisheria kutoka mwanzo hadi mwisho: kwamba kwa sheria ya kanisa, ambayo ni sehemu ya sheria ya nchi ya Uingereza, wajibu wa kushughulikia barua ile ulikuwa wa askofu wa dayosisi iliyohusika, na kwamba ulinzi wa watoto na wanyonge, pamoja na uzito wake wote, hauifuti sheria hiyo. Askofu wa Newcastle, ambaye katika dayosisi yake Sentamu alikuwa askofu msaidizi wa heshima, alimtaka aondoke kwa muda katika huduma.

Nimeusoma utetezi ule kwa haki kadiri ninavyoweza, na ni lazima niseme kwamba, kama hoja ya mamlaka, si wa kupuuzwa. Katika muundo wa Kianglikana askofu mkuu si mkubwa wa ofisi anayeingia atakavyo katika dayosisi za wenzake. Kila askofu ana eneo lake na kiapo chake, na mipaka hiyo iliwekwa ili kuzuia ubabe. Mtu aliyeishi chini ya Amin anajua, kuliko wengi wetu, hatari ya mkubwa anayejipa mamlaka ambayo sheria haikumpa. Huenda ndiyo sababu alilishikilia jambo hilo kwa nguvu kiasi hicho.

Lakini barua ile haikuwa imemwomba atoe hukumu nje ya mipaka yake. Kulikuwa na mengi ambayo yasingegusa mamlaka ya mtu mwingine: kumpigia simu askofu mwenzake na kuuliza amefikia wapi, kumpa nakala afisa wa ulinzi wa watoto katika ofisi yake mwenyewe, kumwandikia tena mlalamikaji baada ya mwezi na kumwuliza kama kuna aliyemjibu. Swali la nani mwenye mamlaka lilikuwa na jibu sahihi, na jibu hilo sahihi likatosha kulifunga jalada. Swali la kwanza, la nini kilichotokea na nani anaweza kukithibitisha, ambalo Sentamu aliliuliza kwa subira ya ajabu kwa ajili ya familia ya Lawrence, halikuulizwa kwa ajili ya mtu huyu.

Inaniuma kuliandika hilo kwa kuwa namheshimu. Familia ya Lawrence nayo ilikuwa imezungushwa kutoka dawati moja hadi jingine, kila afisa akiwa na maelezo ya kwa nini jambo hili halikuwa lake, na ripoti aliyosaidia kuiandaa ilionyesha jinsi taasisi inavyoweza kumdhulumu mtu bila mtumishi hata mmoja kuvuka mpaka wa kazi yake. Kanisa ni taasisi vilevile. Mwanamume yule alikuwa na barua, tarehe, majina na ushuhuda wake mwenyewe, na kutoka katika ofisi ya mtu aliyejua kuliko karibu maaskofu wote wa nchi ile namna ya kuchukua maelezo ya shahidi, alipokea ahadi ya maombi.